Mbuzi wa Ramazani na Masikio ya Mboga

Riziki na Espérance, tangu niwaachie funguo za jiko la gesti mmekuwa mkinitumia ujumbe wa jambo lile lile: yale masikio ya mboga yanakunjwaje hata yasifunguke kwenye mvuke, na mchuzi wake wa kuchovyea unatiwa nini. Nikiwaambia mje nyumbani, ni kulivuka soko tu, mnasema kuna wageni. Wageni wa gesti hawaishi, nawajua. Basi nimekaa barazani na kalamu ya mjukuu wangu, nawaandikia, na kwa kuwa mtu akistaafu huachiwa aseme mpaka achoke, nitawaambia na nilikoyatoa.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilianza nikiwa mpishi na nimeacha nikiwa mpishi. Katikati waliniita shefu wa jiko, kazi ikabaki ile ile, zikaongezeka lawama.

Siku ya kwanza gesti nilifika nimejifunga kitambaa kipya na nimepaka wanja, utadhani nimealikwa harusini. Mpishi mkubwa wakati ule alikuwa Papa Amisi, Mungu amrehemu, mzee wa hapa hapa Kasongo, mfupi, mwenye vidole vinene na masikio yanayosikia sufuria ikichemka akiwa nje uani. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Umekuja kuoa ao kuolewa?" akaniuliza.

"Nimekuja kazi, papa."

"Basi osha mikono. Unga haiangalie uso ya mutu."

Akaniweka kwenye donge la chapati na hakuniondoa hapo mpaka mvua za mwaka ule zikakatika. Nilikanda, akalibonyeza kwa kidole kimoja, akasema bado. Nikakanda tena. Hakuwahi kunieleza bado ni nini. Siku moja alibonyeza, akaondoka bila kusema kitu, nami nikaelewa kwamba leo si bado. Yeye hakusukumia unga kwa chupa kama wengine, maana chupa nzuri nzito zote za mjini zilikuwa za pombe. Alikata mchi wa mke wake, kipande cha urefu wa mkono, akakisugua mpaka kikawa laini. Mke wake alimnunia kwa sababu ya mchi ule kwa muda mrefu sana. Sambusa, chapati, mandazi, vyote nilijifunza chini ya kipande kile cha mchi.

Halafu ikaja barabara. Ile njia ya Kasongo kwenda Kabambare mnaijua: kiangazi vumbi, masika matope, na katikati ya hayo pikipiki iliyobeba baba, mama, gunia la karanga na kuku anayelalamika. Kampuni moja ilikuja kuitengeneza pamoja na madaraja yake, ikaweka kambi karibu na Wamaza, ikatafuta wapishi. Papa Amisi mwenyewe ndiye aliyenisukuma niende.

"Wageni wa gesti wanasifu sababu ya adabu," alisema. "Watu wa barabara hawasifu kitu. Kama chakula iko mubaya, utaona tu sahani inarudi. Enda ukajifunze."

Nilifika kambini nikiwa nimelowa matope mpaka kiunoni, kwa kuwa mwenye pikipiki aliniomba nishuke nisukume, na niliposukuma akaondoka mbele na mzigo wangu. Jikoni nikamkuta Feza. Mbangubangu wa upande wa Kabambare, Mkristo, mjane, mkubwa kwangu kidogo, na mabega ya mtu aliyetwanga sombe, majani ya muhogo, tangu utoto. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inawalisha watoto wake, na mama yake ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia. Nikataka kumwonyesha kwamba na mimi najua kazi, nikainama kuwasha moto. Kuni zilikuwa mbichi. Nilipuliza mpaka nikaona nyota mchana.

"Mama ya Kasongo," Feza akasema, "moto ya huku haijue Kiswahili safi."

Nyinyi mnajua tunavyojivuna na Kiswahili chetu hapa mjini. Nilinuna. Feza akachukua konzi ya makapi makavu ya chikichi, akayaingiza chini ya kuni, moto ukashika mara moja. Kisha akanipa kitambaa nijifute uso na kipande cha muhogo wa kuchoma. Nilimpenda toka siku ile, na kwa sababu hiyo mtaona barua hii inamtaja zaidi kuliko inavyowataja wakubwa wangu wote.

Kambi ilikuwa na majiko mawili. Letu lilipikia wafanyakazi wa nchi: bukari, huo ugali wetu, wali, maharage, samaki akipatikana, nyama siku za furaha. La pili lilikuwa la mainjinia Wachina, na mpishi wao alikuwa mzee wao mmoja tuliyemwita Mzee Chen. Kule walipika nguruwe, kwa hiyo sufuria zao hatukuziazima, nao hawakuona vibaya. Mzee Chen alikuwa na Kiswahili cha maneno machache, yote ya jikoni: moto, maji, chumvi, kisu wapi. Asubuhi alitusalimu "Mama, moto?" nasi tukamjibu "Moto iko, papa." Mazungumzo yalitosha.

Siku moja nilimwona amekaa kwenye kigoda anakunja vitu vidogo vyeupe. Nikadhani ni sambusa ya mtu aliyesahau pembe. Akanipungia mkono nionje. Nikatikisa kichwa, nikaonyesha jiko lake, nikakoroma kama nguruwe. Yule mzee akacheka mpaka akaweka unga chini. Kisha akasema, "Leo nyama hapana. Mama yangu." Injinia mmoja aliyejua Kifaransa alitueleza baadaye: Mzee Chen alikuwa amemwahidi mama yake kwamba siku fulani za mwezi hatagusa nyama, na ahadi hiyo ameishika hata baada ya mama kufariki. Kwa ajili ya siku hizo alikuwa na sufuria yake peke yake na chombo cha mvuke cha mianzi kilichosukwa kama kapu lenye kifuniko, amevifunga kwa kitambaa, na nyama haikuwahi kuvigusa. Mtu anayefunga kwa ajili ya mama yake, mimi nikamwona ni mtu wetu.

Feza alionja kwanza, kwa kuwa yeye hakuwa na la kuogopa. Akatafuna taratibu.

"Ni kama sikio ya mutoto," akasema. "Laini, na ndani iko mambo."

Jina likabaki hilo, masikio. Na mimi nikaonja, nikalifungua lingine nilitazame ndani, maana nilidhani kazi zote za unga wa ngano nazijua. Tukasema siku moja atatufundisha, tukarudi kwenye maharage yetu. Kazi ya kambi haina nafasi ya mapambo.

Sasa nafika kwa mbuzi.

Huku kwetu, mnyama wa chakula cha watu wote huchinjwa na Muislamu, hata kama mwenye mbuzi ni Mkristo na mwenye karamu ni Mkristo. Hakuna aliyeiandika mahali. Ni adabu tu ya watu waliozoea kukaa pamoja, ili mtu asikae mbele ya sahani akijiuliza. Kambini alikuwepo mzee wetu wa kuchinja, lakini wiki ile alikuwa kitandani na homa, na mimi nilikuwa nimerudi Kasongo kuzika shangazi. Feza alikuwa peke yake. Akaenda kununua mbuzi upande wa Lusangi, na njiani akawa anatafuta mtu wa kumchinja.

Akakutana na baba mmoja mwenye kofia nzuri ya kudariziwa, shati jeupe refu, ndevu zimekatwa vizuri.

"Jina yako nani, papa?" Feza akamwuliza.

"Ramazani."

Mnataka nini tena? Kofia iko, ndevu ziko, Ramazani yuko. Feza akampa kisu. Yule baba akanawa mikono, akainamisha kichwa akasali kimya, akachinja vizuri kabisa. Feza akamshukuru kwa kumkatia kipande cha ini, akarudi kambini, akapika, watu wakala, wakasifu hata, jambo ambalo Papa Amisi aliniambia haliwezekani.

Jumapili yake kijana mmoja wa timu ya daraja akaenda kusali Lusangi, akamkuta Ramazani yule yule mbele ya kanisa, kofia ameiweka kwenye benchi, anaongoza sala. Alikuwa katekista. Ramazani lilikuwa jina la babu yake, na kofia alipewa na shemeji yake Muislamu, siku ya Idi. Ninyi wa Maniema hamtashangaa. Tumejaa Wakristo wanaoitwa Saidi na Shabani na Amisi, na Feza alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini kofia ile ilimmaliza. Mtu wa mahali pengine angeuliza moja kwa moja, wewe ni dini gani. Sisi tunaona ni kukosa adabu, tunauliza jina, halafu tunajijibu wenyewe.

Kijana alirudi kambini anacheka, akaisimulia kama kichekesho. Si wote waliocheka.

Msimamizi wa timu ya daraja, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkubwa wa Waislamu wa kambini, alikuwa Papa Antoine. Ndiyo, Antoine. Alibatizwa mtoto, akasilimu alipooa Kasongo, wakampa jina Yusufu, na hakuna mtu hata mmoja aliyelitumia, mke wake akiwa wa kwanza kulisahau. Alikuwa mtu mwema, mkali wa swala, na alijisikia amechezewa. Akasema mbele ya wote, "Siye hatutakula tena mukono ya Feza."

Wako wanaosema kitabu kinaruhusu nyama ya jirani Mkristo, na wako wanaokataa. Mimi ni mpishi, sikusomea hayo. Nilichoona niliporudi kutoka msibani ni watu wangu wamekaa makundi mawili, huku wanakula, kule wanatafuna karanga na kunitazama mimi kana kwamba nimewaletea dawa ya jambo lile. Feza alikuwa nyuma ya jiko anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Shefu wa kambi, mtu wa Kindu, mchovu daima, alituita sote wawili. Hakupiga kelele. Alisema jiko moja haliwezi kuwa na vyungu viwili, kazi ya daraja inaisha Ijumaa, na Jumamosi kutakuwa na chakula cha kulifungua, wakubwa wa Kabambare watakuja. "Wakikaa meza moja wakala, mambo imekwisha," alisema. "Wakikataa, Mama Feza atapanda lori ya Jumatatu ya Kabambare, na nitatafuta mwingine. Siwezi kuwa na njaa na daraja siku moja."

Tulipotoka nje Feza hakulia. Aliniambia, "Zaina, weye utapata mwenzako mwingine. Miye, watoto wale nitawaambia nini?"

Nilifikiri usiku na mchana. Kuchinja mbuzi mwingine vizuri? Wangesema ni mkono ule ule. Samaki? Mto ulikuwa umefurika, hapakuwa na samaki. Maharage? Huwezi kumfungulia mkubwa wa territoire, yaani wilaya nzima, daraja kwa maharage. Asubuhi Mzee Chen akapita, akasema "Mama, moto?" nami nikasahau kumjibu, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka lile kapu la mianzi.

Nikamweleza kwa mikono na kwa maneno yake machache. Nyama hapana. Watu wote. Jumamosi. Feza ataondoka. Hilo la mwisho nililionyesha kwa kuelekeza njia ya Kabambare na kufuta macho. Mzee akanisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kapu lake na sufuria yake, bado vimefungwa kwa kitambaa, akaviweka mikononi mwangu. Sikujua kumshukuru kwa Kichina. Nilipiga magoti kama anavyofanya binti wa watu.

Sasa, Riziki, shika kalamu, maana ni hapa unapoulizia.

Unga wa ngano, chumvi kidogo, na maji ya moto, si baridi. Moto kiasi kwamba unachanganya kwanza kwa mwiko, ukiweza kugusa ndipo unakanda. Maji ya moto ndiyo yanayofanya ngozi isukumike nyembamba bila kurudi nyuma. Ukande mpaka Papa Amisi angeondoka bila kusema kitu, halafu ufunike kwa kitambaa kibichi ukafanye kazi nyingine. Ukikata tamaa mapema, utaona kwenye mvuke. Mzee Chen alisukuma kila kimoja peke yake, katikati nene, kingo nyembamba, kwa kimti kidogo kama mwiko uliokatwa kichwa. Sisi tulitumia mchi wa kitunguu saumu.

Ndani: siku ya kwanza tulitia sombe, kwa kuwa tuko Maniema na sombe ndiyo tunayoiamini. Ilikuwa aibu. Sombe ina maji yake inayoyaficha, ikayatoa yote kwenye mvuke, ngozi zikapasuka, kapu likawa na kitu cha kijani kibichi. Feza akachungulia.

"Huu ni uji ya sombe," akasema. "Na uji yenyewe haina heshima."

Mara ya kwanza tangu mbuzi yule nilimwona anacheka. Siku ya pili tukachukua lenga-lenga, yaani mchicha, na kabichi, ile tunayoita shu, tukakata vidogo, tukatia chumvi, tukaacha, kisha tukakamua kwa kitambaa mpaka mikono ikauma. Hapo ndipo siri ilipo: kamua, halafu kamua tena. Wanawake wa Wamaza walikuwa wanauza uyoga wa msimu, tukaukaanga kwanza na kitunguu mpaka ukauke. Tangawizi, pilipili manga. Na karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu, hilo ni la Feza, si la Mzee Chen. Karanga zinakunywa maji yaliyobaki, na zinafanya mtu adhani amekula nyama. Mzee Chen alionja ile yenye karanga, akatazama mbali kidogo, akaomba nyingine.

Kukunja: kijiko kidogo cha mboga katikati, si zaidi, tamaa ndiyo inayopasua masikio. Lowesha ukingo kwa maji, kunja, bana kwanza katikati, kisha kushoto na kulia. Mimi nilifanya mikunjo midogo midogo kama upindo wa gauni, kwa sababu vidole vyangu vimezoea sambusa. Feza alikunja laini bila mikunjo, nusu mwezi, akabana kwa nguvu. Ya kwangu yalikuwa mazuri ya kutazama. Ya kwake hayakufunguka hata moja. Kapu utandikie jani la mgomba lililopakwa mafuta, masikio yasigusane, maji yachemke kabla hujaliweka juu. Yakianza kung'aa, yameiva.

Mchuzi wa kuchovyea: Mzee Chen alikuwa na chupa ya mchuzi mweusi yenye maandishi ya kwao, nasi hatukujua ndani mna nini, tukaiacha, tukasema wiki hii tusitafute maneno mengine. Nikaunguza sukari kidogo kwenye sufuria mpaka ikawa nyeusi, nikazima kwa maji, nikatia ndimu, chumvi, kitunguu saumu, tangawizi iliyosagwa, na pilipili. Pilipili yenyewe nilitia kwa mkono wa mtu mwenye hasira. Nanyi msinifuate hapo.

Jumamosi ilifika na jua kali. Daraja lilifunguliwa, hotuba zikasomwa, sikusikia hata moja, nilikuwa napuliza moto. Tuliweka sahani kwenye meza ndefu, wali, maharage, ndizi, na katikati masikio, vilima vizima vya masikio, ya kwangu na ya Feza yamechanganywa kwa makusudi. Wakristo wakakaa. Waislamu wakasimama upande wa pili wa meza, mikono imekunjwa kifuani. Shefu alikuwa anatabasamu kwa wakubwa wa Kabambare na jicho lake moja liko kwetu.

Papa Antoine akasogea.

"Ndani muko nini?"

"Lenga-lenga, shu, uyoga, karanga," nikasema.

"Nyama hapana," akasema Mzee Chen, ambaye hakuna aliyemwalika lakini alikuwa amesimama nyuma yangu na aproni yake.

"Na sufuria?"

"Nyama hapana," Mzee Chen akarudia, akainua kapu lake juu kila mtu alione.

Papa Antoine akaguna. Alimjua yule mzee na alimheshimu. Akainama juu ya sahani, akatazama vizuri, nami nikaona anaelewa. Yenye mikunjo kama upindo, na yale laini. Alikuwa amekula sambusa zangu mara nyingi, alijua vidole vyangu.

"Basi," akasema, "siye tutakula hizi za Mama Zaina." Na akaanza kuyatenga, ya mikunjo huku, laini kule. Wenzake wakakaa, wakafanya vile vile. Sahani zote zikawa zinagawanyika mbele ya macho yangu. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, nyama na sufuria na mchuzi, na nikasahau vidole vyangu mwenyewe.

Feza akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kitenge. Akaja hadi mbele ya Papa Antoine. Hakupandisha sauti.

"Papa Antoine, miye nilikosea, najua. Nilimuona mutu na kofia, akaniambia yeye ni Ramazani, nikamupa kisu. Sasa niambie. Siku ile, kama ningekukuta weye njiani, bila kofia, nikakuuliza jina, ungenijibu nini?"

Papa Antoine akafungua mdomo.

"Ungenijibu Antoine," akasema Feza. "Na miye ningekuacha nikapita, nitafute Muislamu."

Halafu mwishoni kabisa, upande wa wageni wa Lusangi, mtu akaanza kucheka kwa sauti ya chini, akijizuia na kushindwa. Alikuwa Ramazani mwenyewe. Alikuja kumwombea Feza kwa shefu, na alikuja na kofia ile ile. Papa Antoine akamgeukia, akaiona kofia, uso wake ukataka kukasirika na haukuweza.

"Hii jina nilipewa na baba," akamwambia. "Miye sikuchagua."

"Hata miye, papa," akasema katekista.

Hapo ndipo watu walipovunjika. Waislamu, Wakristo, wakubwa wa Kabambare ambao hawakujua wanachekea nini, shefu mwenyewe akashika nguzo. Mzee Chen alicheka kuliko wote na alikuwa ameelewa kidogo kuliko wote. Papa Antoine akangoja kicheko kipite, akanyoosha mkono, akachukua moja laini, la Feza, akalichovya kwenye mchuzi mpaka vidole, akalitia lote mdomoni. Akatafuna. Macho yakaanza kumtoka machozi.

"Hii pilipili ilifanywa na nani?"

"Na miye," nikasema.

"Basi ni weye ndiyo utapanda lori."

Akachukua lingine laini, na wenzake wakayarudisha yale waliyotenga, yakachanganyika. Sahani zikarudi jikoni tupu. Feza alikuwa amejificha nyuma ya mapipa ya maji, analia sasa, amejiachia kabisa, nami nikakaa karibu naye nikalia naye, tukiwa na unga mpaka kwenye nyusi, hadi mtu akaita kwamba kule mezani wanaulizia kama yako mengine.

Tulifanya kazi pamoja mpaka barabara ikafika Kabambare. Mzee Chen alipoondoka alimwachia Feza lile kapu, akamwonyesha kwa vidole, hapa nyama hapana, naye akamwambia amesikia. Mimi nikarudi gesti, na yaliyobaki mnayajua, mlikuwepo. Ila nisikilizeni kwa jambo moja. Mkitafuta mtu wa kuchinja, hapana kuuliza jina. Mwulizeni anasali wapi. Atashangaa kidogo, mtacheka, mtaendelea na kazi.

Jumatatu ile ya baada ya daraja kufunguliwa, lori la Kabambare lilipiga honi mbele ya jiko, kisha likapiga tena, kwa kuwa hakuna aliyemwambia dereva kwamba Feza haondoki. Nilitoka nikamwambia aende. Niliporudi ndani Feza alikuwa ameinamia beseni, mikono imo majini mpaka viwiko, anaosha mchele wa watu wote.